Betri ya Gari Linalolala: Kuichagua, Kuijaza na Kuifanya Idumu

Gari linalotembea kila siku huisamehe betri makosa mengi. Gari linalotoka Jumapili tu, gari la mtu anayefanya kazi Muscat na kurudi nyumbani Desemba, basi la shule wakati wa likizo, pikapu ya shamba inayosubiri mavuno: hayo hayasamehe. Betri zake hufa mapema, na mwenye gari huondoka na jibu kwamba ameuziwa feki. Feki zipo. Lakini mara nyingi betri hiyo ilikuwa nzima, ikauawa na kukaa nusu tupu kwenye joto.

Ndani ya betri kuna vyumba 6, kila kimoja kina sahani za risasi zilizozama kwenye maji yenye asidi. Umeme unapotoka, sahani hujifunika salfeti ya risasi. Ukirudisha umeme mapema, salfeti hiyo huyeyuka ikarudi kwenye maji. Ukiiacha wiki kadhaa, chembe zake hukua na kukauka kama chumvi iliyogandamana, na chaji ya kawaida haiziondoi tena. Sehemu hiyo ya sahani ndiyo imekwenda. Joto linaharakisha kila kitu: kila nyuzi 10 zinapoongezeka, betri huzeeka karibu mara mbili zaidi. Ndiyo maana betri ileile hudumu Mbeya au Limuru kuliko Tanga au Mombasa. Yote yatakayofuata hapa, kuanzia kununua hadi kuchomoa waya, yana lengo moja: betri ikae imejaa.

Umeme unakwenda wapi gari likiwa limezimwa

Ukizima gari na kufunga milango, halijalala kabisa. Alamu inasikiliza rimoti, saa inahesabu, kompyuta ya injini inashika kumbukumbu zake. Gari lililo sawa hula miliampea 20 hadi 50 katika hali hiyo. Ongeza kifaa cha kufuatilia gari, alamu ya pili iliyofungwa mtaani na kamera ya dashibodi, na utavuka 100 bila kujua.

Tuchukue miliampea 40. Kwa saa 24 ni karibu Ah 1 (Ah ni ampea-saa, kipimo cha umeme ambao betri inabeba). Betri nayo hujipunguza yenyewe, tuseme asilimia 5 kwa mwezi, na zaidi ya hapo pwani. NS60, saizi ya betri ya magari kama Corolla, ina takriban Ah 45. Ikibaki nusu, stata inavuta kivivu na salfeti imeshaanza kukomaa. Nusu hiyo ni Ah 22, kwa hiyo una wiki 3. NS40 yenye Ah 32 ina wiki 2. N70 yenye Ah 70 itakufikisha mwezi mmoja.

Linganisha na kuwasha. Stata ya gari dogo huvuta kama ampea 150 kwa sekunde 2, ambayo haifiki hata sehemu moja ya kumi ya Ah. Siku moja ya kulala inakula umeme wa kupiga stata mara kumi.

Hapo ndipo desturi ya “liwashe kila wiki liungurume dakika kumi” inapoanguka, na ni desturi iliyoua betri nyingi. Kwa wiki gari limepoteza Ah 7. Injini ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma bila gari kutembea, altaneta (mashine inayoichaji betri injini ikizunguka) hutoa sehemu tu ya uwezo wake, na betri yenyewe haimezi haraka. Robo ya mwisho ya chaji huchukua saa nyingi. Dakika kumi zitarudisha labda Ah 2 au 3, pungufu zaidi ukiwasha AC. Kila wiki unabaki na deni la Ah 4 au 5. Baada ya wiki tano hivi betri imefika nusu, na kila mtu nyumbani anaapa kwamba gari lilikuwa linawashwa. Isitoshe injini ambayo haikupata joto la kutosha huacha maji kwenye oili na kwenye ekzosi, na ekzosi inaoza kutokea ndani.

Kama unaliwasha, liendeshe. Dakika 45 hadi saa nzima, barabarani, kila wiki au kila siku kumi, AC ikiwa imezimwa nusu ya safari. Kama huwezi, usiliwashe. Tumia njia nyingine zilizo hapa chini.

Pima kabla ya kununua chochote

Multimita ya bei ndogo inatosha. Hakikisha ina tundu lililoandikwa 10A.

Kwanza volti. Gari liwe limekaa saa 6 au zaidi bila kuwashwa wala kuchajiwa, kwa sababu mara tu baada ya kuzima betri huonyesha volti za juujuu zisizo za kweli. Kwa betri ya kawaida ya maji, 12.6 hadi 12.7 imejaa. 12.4 ni kama robo tatu. 12.2 ni nusu. 12.0 ni robo, na 11.8 ni tupu. AGM, betri iliyofungwa ambayo asidi yake imenywewa na mikeka ya nyuzi za kioo, ikijaa husoma 12.8 au zaidi kidogo. Kiwango cha kukumbuka ni 12.4: ikishuka chini ya hapo, ichaji siku hiyohiyo, hata kama gari bado linawaka vizuri. Kuwaka si ushahidi. Kwenye joto letu stata inaweza kuzunguka vizuri kabisa kwa betri iliyobaki nusu.

Kisha mwombe mtu apige stata huku ukitazama mita. Ikishuka chini ya 9.6 wakati betri ilikuwa na 12.5 kabla, sahani zimechoka. Gari likishawaka, soma tena: kati ya 13.8 na 14.6 altaneta ni nzima. Chini ya 13.5 betri haitajaa kamwe. Juu ya 15 itachemka na kukauka. Kumbuka tu kwamba baadhi ya magari mapya hushusha chaji kwa makusudi ili kuokoa mafuta, kwa hiyo soma ukiwa umewasha taa.

Sasa kipimo ambacho mafundi wengi hukiruka: gari linakula kiasi gani likilala.

Fungua boneti na mlango wa dereva. Kwa bisibisi, sukuma kitasa cha mlango kilicho wazi hadi kibofye, ili gari lidhani mlango umefungwa. Kama ni gari la kubonyeza kitufe, funguo iwe mbali, mita tano au zaidi, la sivyo litaendelea kuongea nayo. Hamishia waya mwekundu wa mita kwenye tundu la 10A. Legeza klampu ya hasi lakini usiitoe bado. Gusisha ncha moja ya mita kwenye kichwa cha risasi cha betri na nyingine kwenye klampu, zikiwa zimeshikwa vizuri, ndipo uinyanyue klampu polepole. Umeme sasa unapita ndani ya mita bila kukatika, na kompyuta haziamki upya. Mwanzoni utaona ampea 1 au hata 3. Subiri dakika 20 hadi 40. Utaona namba ikishuka kwa hatua, kila hatua ni kifaa kinacholala. Usiguse swichi wala mlango, na usithubutu kupiga stata. Utaunguza fyuzi ya ndani ya mita, au mita yenyewe, papo hapo.

Ikitulia kati ya 0.02 na 0.05, gari lako halina tatizo. Ikibaki juu ya 0.08, chomoa fyuzi moja moja, kuanzia za ndani, hadi namba ianguke. Wahusika ni walewale: redio iliyounganishwa upya vibaya, kifaa cha kufuatilia, taa ya buti isiyozima, taa ya kisanduku cha mbele. Kama umemaliza fyuzi zote na namba haijaanguka, shika altaneta asubuhi kabla ya kuwasha. Ikiwa ya vuguvugu wakati injini ni baridi, dayodi zake, vipande vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu, zinavujisha.

Ukinunua betri mpya bila kupima hili, umenunua miezi sita tu.

Kuchagua: soma maandishi ya betri

Magari mengi yetu ni ya Japani, na betri zake zina majina ya aina mbili. Ya zamani ndiyo yanayotajwa dukani: NS40 kwa magari madogo kama Vitz, NS60 kwa Corolla na wenzake, N50, N70 kwa magari makubwa na ya dizeli, N100 na kuendelea kwa malori. Ya pili ni kama 46B24L. Namba ya kwanza, 46, ni nguvu kwa ujumla. Ikipanda, betri ina nguvu zaidi. Herufi ni upana na kimo: B ni milimita 129 kwa upana, D ni 173. 24 ni urefu kwa sentimita. Herufi ya mwisho ni upande wa terminali.

Hiyo ya mwisho inakosewa sana. Geuza betri ili terminali ziwe upande wako. Kwenye L, chanya iko mkono wako wa kulia. Kwenye R, chanya iko kushoto. Inaonekana kinyume kwa sababu kipimo cha Wajapani huitazama betri kutoka ubavuni. Usibishane na muuzaji. Nenda na picha ya betri yako ikiwa bado ndani ya gari. Ukichukua upande usiofaa, waya hazifiki, na fundi mwenye haraka akizilazimisha kinyume unaunguza dayodi za altaneta na labda kompyuta.

Kuna pia S mwishoni, kama 46B24LS. Inamaanisha vichwa vya risasi vinene. Betri za B zisizo na S zina vichwa vyembamba. Ukipewa vyembamba kwenye gari lenye klampu nene, utaona fundi akichukua msumari au kipande cha kopo la soda, akikipigilia kati ya kichwa na klampu hadi ikaze. Gari litawaka. Lakini umeme sasa unapita kwenye mistari miwili myembamba badala ya duara lote, panapata moto, panaota unga mweupe, na betri haipokei chaji kamili hata ukiendesha siku nzima. Kwa gari linaloendeshwa saa moja kwa wiki, saa hiyo inapotea bure. Dai pete ya risasi ya kuvalisha kichwa, au chukua betri sahihi.

Ukubwa: chukua Ah kubwa kadiri kitako na kibano cha gari vinavyoruhusu. Gari lililokuja na NS40 mara nyingine lina kitako kinachopokea B24. Pima, urefu ni milimita 238 dhidi ya 197. Siku za kulala zinaongezeka kwa uwiano huohuo. Hofu kwamba betri kubwa “itaua altaneta” haina msingi. Altaneta inarudisha kile kilichotumika, na matumizi ya gari hayakubadilika. Kibano lazima kishike, kwa sababu barabara ya vumbi inaitingisha betri iliyo huru hadi sahani zinavunjika.

Namba ya nguvu ya kuwashia kwenye baridi, inayoandikwa CCA, isikusumbue sana pwani. Inamfaa mtu wa Njombe alfajiri ya Julai. Wewe tazama Ah.

Kuhusu aina, ushauri wetu ni huu. Kwa gari la kawaida lenye betri chini ya boneti, betri ya maji ya kalsiamu (risasi ya sahani zake imechanganywa na kalsiamu kidogo) inatosha, na bora yenye vifuniko vinavyofunguka ili uone maji. AGM hujipunguza polepole na huvumilia kushuka, lakini ni ghali na haipendi joto la injini wala chaji iliyozidi. Tofauti ya bei nunua chaja nzuri. Kama gari lilikuja na mfumo wa kujizima kwenye foleni, lina betri yenye jina kama M-42, N-55, Q-85 au S-95, na inapaswa kubadilishwa kwa ya aina hiyohiyo. Betri za sola za sahani nene zisiingie kwenye gari. Hazikutengenezwa kutoa ampea 150 kwa mkupuo. Litiamu chini ya boneti, kwenye joto letu, hapana.

Haibridi, magari yanayotumia mafuta na umeme pamoja, zina kanuni yake. Prius nyingi zina betri ndogo ya volti 12 ndani ya buti, AGM yenye bomba la kutolea gesi nje, kwa mfano S34B20R. Haizungushi injini, inaamsha kompyuta tu. Ni ndogo, hivyo gari likilala wiki mbili au tatu huisha haraka kuliko watu wanavyotarajia. Usiweke betri ya maji ya kawaida humo: gesi yake itakuwa ndani pamoja na abiria. Na kabla hujachomoa waya, jua ufunguo wa dharura unafungua mlango upi, kwa sababu buti hufunguka kwa umeme.

Dukani, omba mita. Betri mpya yenye maji isome 12.5 au zaidi. Chini ya 12.4, iache hapo. Imekaa rafuni ikianza kufa kabla hujailipia. Uliza tarehe ya kutengenezwa, na uchukue ya miezi mitatu au chini. Betri kavu, zile zinazomiminwa asidi mbele yako, zina faida hapa: umri wake unaanza siku ya kumiminwa. Usikubali imiminwe mapema “iwe tayari.” Asidi iwe ya kipimo cha 1.250 hadi 1.280 kwenye haidromita (kifaa cha kupima ukali wa asidi), isubiri nusu saa sahani zinywe, iongezwe hadi kwenye mstari, kisha ichajiwe kabla ya kufungwa. Duka likiruka hiyo chaji, ifanye mwenyewe.

Gari likilala wiki, mwezi, miezi sita

Likilala chini ya wiki mbili na matumizi yakiwa ya kawaida, huna la kufanya zaidi ya kuliendesha saa moja. Zaidi ya hapo, chagua kati ya kukata, kuchaji na sola.

Kukata ndiyo rahisi. Spana namba 10, hasi kwanza. Sababu ya kuanza na hasi: spana ikigusa bodi wakati unafungua chanya huku hasi ikiwa bado imeunganishwa, utaona cheche inayoyeyusha chuma. Kurudisha ni kinyume, chanya kwanza, hasi mwisho. Funga klampu iliyotolewa na kitambaa isirudi kugusa. Betri iliyojaa na kukatwa hujipunguza tu yenyewe, kwa NS60 kama Ah 2 hadi 4 kwa mwezi, hivyo inaweza kukaa miezi mitatu kabla ya kushuka hadi 12.4. Ila ijaze kwanza. Kukata betri iliyo 12.2 ni kuizika polepole. Swichi ya kukata inayofungwa kwenye hasi inafaa kwa anayekata mara kwa mara.

Gharama yake: alamu na kifaa cha kufuatilia vinazima, saa na redio vinasahau, vioo vya madirisha vinahitaji kufundishwa upya kupanda vyenyewe, na sailensa inaweza kuyumba dakika chache za kwanza. Redio yenye namba ya siri, iandike namba kwanza.

Ukimwachia ndugu gari, mwachie karatasi yenye mambo matatu tu: ipi hasi, kipimo cha 12.4, na chaja inakaa wapi. Maelekezo marefu kwa simu kutoka ng’ambo hayafiki.

Chaja

Ampea za chaja ziwe kama sehemu moja ya kumi ya Ah: ampea 4 kwa NS60, 6 au 7 kwa N70. Kwa kushikilia tu betri iliyojaa, hata ampea 1 inatosha. Tafuta chaja ya kisasa inayopanda hadi 14.4 au 14.7, halafu ikishuka yenyewe hadi karibu 13.5 na kubaki hapo. Pwani, kwenye nyuzi 35, 13.3 ni salama zaidi. Chaja zenye kipima joto hurekebisha zenyewe. Chaja ya zamani isiyoshuka haifai kuachwa imechomekwa. Baada ya siku mbili inakausha maji.

Kabla ya kununua, jaribu jambo moja: zima swichi ya ukutani wakati inachaji, kisha iwashe. Nyingine husubiri ubonyeze kitufe upya. Umeme ukikatika usiku na kurudi, hiyo haitaendelea, na utakuta betri imekaa wiki nzima na chaja iliyolala.

Unganisha nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye chuma cha injini mbali na betri, ndipo uwashe ukutani. Kuondoa, zima ukutani kwanza. Betri inayochaji hutoa hidrojeni, kwa hiyo karakana iwe wazi, pasiwe na sigara wala jiko, na usiichajie chumbani mnapolala. Kuiweka sakafuni hakuna neno. Betri za kasha la plastiki hazipotezi umeme kwa saruji.

Ukiipeleka kwa wachaji wa mtaani, sema wazi unataka ampea 4, usiku kucha. NS40 iliyosukumiwa ampea 20 ili uichukue baada ya saa moja huchemka, sahani zinapinda, na chaji inayobaki ni ya juujuu.

Sola

Hii inafaa hasa pale pasipo na soketi karibu. Paneli ya wati 10 hutoa kama ampea 0.5 kwenye jua kali. Kwa saa 5 nzuri ni Ah 2.5, wakati gari linakula Ah 1. Inatosha na kubaki. Ya wati 5 inatosha kwa shida. Weka kidhibiti chaji kati ya paneli na betri, kilichowekwa kwa betri ya asidi, na unganisha betri kwanza kabla ya paneli. Fyuzi ya ampea 5 iwe karibu na chanya.

Makosa mawili yanajirudia. La kwanza, paneli kuwekwa ndani nyuma ya kioo chenye tinti. Hapo unapata nusu au chini yake. La pili, kuchomeka kwenye tundu la sigara: magari mengi ya Japani hulizima tundu hilo ukitoa funguo, na paneli inapigwa jua miezi mitatu bila kufikisha hata tone. Funga waya moja kwa moja kwenye betri.

Maji na terminali

Neno “maji ya betri” limeharibu betri nyingi, kwa kuwa mtaani linaitwa hivyo hata asidi. Cha kuongeza ni maji safi yaliyovukizwa (distilled) peke yake. Asidi haipungui kwa uvukizi. Kinachoondoka ni maji. Ukiongeza asidi unaikoleza, na sahani zinaliwa. Maji ya bomba, ya kisima na hata ya chupa ya kunywa yana madini; usiyatie. Kila mwezi pwani, kila miezi miwili kwenye baridi, angalia maji yawe kati ya mistari miwili ya ubavuni, au milimita 10 hivi juu ya sahani. Ongeza baada ya kuchaji, kwa sababu chaji hupandisha maji. Kama sahani zimeonekana, zifunike tu kwanza, chaji, kisha malizia.

Juu ya betri pawe pakavu. Jaribu hili: ncha nyeusi ya mita kwenye hasi, ncha nyekundu ipapase plastiki ya juu. Ikisoma nusu volti, vumbi lenye asidi linapitisha umeme usiku na mchana. Kijiko cha chakula cha magadi soda kwenye nusu lita ya maji ya moto, vifuniko vikiwa vimefungwa, mswaki wa zamani, suuza, kausha. Unga wa kijani au mweupe kwenye klampu unatoka kwa mchanganyiko huohuo. Safisha kichwa cha risasi hadi kimeremete, kaza, ndipo upake mafuta ya mgando juu yake. Vaa miwani na glavu; asidi inatoboa nguo na jicho halibadilishwi.

Umeikuta imekufa

Kubusti kunakutoa hapo ulipo tu. Nyekundu kwenye chanya ya iliyokufa, kisha chanya ya nzima. Nyeusi kwenye hasi ya nzima, na ya mwisho kwenye chuma cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Gari la msaada liungurume dakika 5 kabla ya kupiga stata. Haibridi isitumike kubusti gari jingine. Likishawaka, usitegemee altaneta kuijaza betri tupu. Inapata moto kwa kazi isiyotengenezewa. Ifikishe kwenye chaja.

Chaja za kisasa hukataa betri iliyoshuka sana. Iunganishe sambamba na betri nzima kwa waya za kubusti, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, chaja ianze, kisha baada ya dakika 15 itoe ile nzima. Endelea kwa ampea 2, hata saa 24 hadi 48. Ikipata joto la kukuzuia kuishika, simamisha. Ikimaliza, iache siku nzima bila kuguswa, kisha pima. 12.5 au zaidi, imepona kwa sehemu kubwa. Chini ya 12.4, sahani zimeganda. Ikigoma karibu na 10.5 kila unapochaji, chumba kimoja kimekufa na hakuna dawa. Land Cruiser zenye betri mbili, badilisha zote mbili pamoja; iliyochoka huivuta mpya.

Betri kuukuu iuze nzima, imesimama, asidi ikiwa ndani, kwa duka linalopokea za zamani. Usimpe anayeipasua uani kutafuta risasi. Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ulichafuliwa kwa risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichokuwa jirani, watoto wakaathirika, na Phyllis Omido aliyesimama kudai haki yao akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Wakati wa kuibeba, funika vichwa viwili kwa utepe, usiilaze, na osha mikono kabla ya kumshika mtoto.